Ukijiunga na chama cha watafiti, nenda na swali lililokushinda

Mwaka wangu wa pili maabara, minyoo wangu walikuwa wanakufa mapema. Mnyoo huyu mdogo, C. elegans, akiwekwa kwenye nyuzi joto 20 huishi wiki mbili hadi tatu hivi. Ndiyo maana sisi wa baiolojia ya kuzeeka tunampenda: unaona maisha yake yote kabla mwezi haujaisha. Wangu walipungukiwa siku tatu ukilinganisha na wale wa makala ambayo nilikuwa nikijaribu kurudia jaribio lake. Kila asubuhi nilikuwa kwenye darubini nikiwagusa mmoja mmoja kwa ncha ya waya wa platinamu. Asiyetikisika namhesabu amekufa. Nilibadilisha chakula chao, nikabadilisha sahani, na kwa miezi minne sikumwambia mtu, kwa aibu.

Kisha nikajiunga na chama cha watafiti wa fani yetu na kupeleka bango kwenye mkutano wao, matokeo yangu mabaya nikiwa nimeyaweka wazi. Mama mmoja mtafiti alisimama, akasoma, akaniuliza: “Mwanangu, unaanza kuhesabu siku gani? Yai likitagwa, au mnyoo akishakomaa?” Mimi nilihesabu tangu kukomaa, wenzangu wa ile makala tangu yai. Kati ya hizo mbili kuna siku tatu hivi. Nilitaka kulia.

Jambo kama hilo aghalabu haliandikwi. Linakaa vichwani mwa watu, na utalipata ukiwa karibu nao. Kwa hiyo usisubiri uwe na matokeo ya kujivunia ndipo ujiunge.

Kuchagua chama, angalia unachofanya kila siku. British Society for Research on Ageing, kilichoanza mwaka 1939, na American Aging Association cha mwaka 1970 vimeelemea baiolojia. Gerontological Society of America, cha mwaka 1945, ni kipana zaidi: utakutana na madaktari na watu wa sayansi ya jamii. Mimi ningeanza na chama kidogo, maana huko hata mgeni anasikilizwa. Jiunge ungali mwanafunzi. Kwa kawaida ada huwa nafuu.

Fani yetu inahitaji kukaguana kuliko nyingi, kwa sababu wauza ujana hawakosekani. Nilianza kuamini habari kwamba dawa ya rapamaisini hurefusha maisha ya panya nilipoelewa jinsi ilivyopimwa: maabara tatu za Marekani, kila moja na panya wake, utaratibu mmoja. Panya walianza kupewa dawa wakiwa na siku 600, tayari wazee, na bado waliishi muda mrefu zaidi. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Maabara moja peke yake isingeniridhisha.

Ukifika mkutanoni, usiwakimbilie wakubwa tu. Pita kwenye mabango yasiyo na watu. Mimi hufanya hivyo kila mwaka, na nikikuta jedwali la minyoo naanza na lile swali la siku ya kwanza.