Maswali na majibu: Mnaokwenda ng'ambo kurefusha miguu

Wiki hii nimeyaweka kando maswali ya mgongo na ya baridi yabisi. Tangu Idi simu yangu inajaa jambo moja tu, kutoka Malindi hadi Faza: nani arefushe miguu kwa upasuaji, wapi, na kwa bei gani. Nimechagua machache. Wengine mtajikuta humu humu.

*Nina miaka 24, urefu sentimita 164. Nimeona hospitali Istanbul inaongeza sentimita 8. Je, ni hospitali nzuri? – Kijana wa Maweni, Malindi*

Swali hili nimeulizwa mara nane mwezi huu, na kati ya wote wanane hakuna aliyenitajia jina la daktari. Mnanitajia hoteli, mnanitajia gari litakalowapokea uwanja wa ndege. Mwanangu, hospitali haishiki kisu. Atakayekata mfupa wako ni mtu mwenye jina na leseni, na huyo ndiye wa kutafutwa kwanza.

Ukishampata, omba kuzungumza naye mwenyewe, si na binti wa mapokezi anayejibu kwa WhatsApp. Muulize amerefusha miguu ya watu wangapi kwa mkono wake, maana daktari anaweza kuwa hodari wa kubadilisha nyonga na kazi hii haijui. Muulize wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji, na kwa sababu gani. Muulize nani atakuangalia akiwa safarini. Daktari mkweli atakutajia matatizo yake bila kusita: mfupa uliochelewa kuunga, goti lililokakamaa, mshipa wa fahamu uliovutika mpaka mguu ukalegea. Akikwambia hajawahi kupata tatizo hata moja, kata simu.

Uturuki, hospitali inayopokea wagonjwa wa kigeni inatakiwa iwe na cheti cha Wizara ya Afya ya huko cha utalii wa tiba. Omba ukione. India, daktari unamtafuta kwenye daftari la baraza lao la taifa la udaktari, kama hapa Kenya unavyomtafuta kwenye daftari la KMPDC, baraza letu la madaktari. Ule muhuri wa JCI, shirika la kimataifa la kukagua hospitali, unaopigiwa debe ni wa hospitali: usafi, dawa, kumbukumbu. Wa ustadi wa daktari hauupati hapo.

Na hizo sentimita 8, kwa vyuma vingi vinavyowekwa ndani ya mfupa wa paja ili kuuvuta, ndio mwisho wa chuma chenyewe kurefuka. Kwenye muundi wengi huishia kama 5. Anayekuahidi 8 kabla hajapima mfupa wako wala kuikunja misuli yako anataka pesa yako.

*Dalali wetu wa Mombasa anasema baada ya siku 90 nitarudi nikicheza mpira. – Msomaji, Watamu*

Si kweli. Piga hesabu mwenyewe. Mfupa ukishakatwa huachwa karibu wiki nzima, kisha huvutwa milimita 1 kwa siku, mara nyingi robo milimita mara nne. Sentimita 6 ni siku 60. Siku ya 67 ndipo kuvuta kunakwisha, na katikati ya mfupa wako pana mfupa mchanga ambao haujaweza kubeba mtu. Kukomaa kwake huhesabiwa kwa miezi, mwezi au zaidi kwa kila sentimita. Mpira ni mwaka mmoja mbele, mambo yakienda sawa.

Na dalali huyo muulize kamisheni yake ni kiasi gani, na analipwa siku gani. Atakwambia ukilazwa. Hakuna dalali anayelipwa siku mgonjwa anapotembea.

*Mwanangu ana miaka 6, mguu wa kushoto ni mfupi kwa sentimita 3 tangu kuzaliwa. Jamaa wanachanga tumpeleke India. Tuchague hospitali gani? – Mama wa Mambrui*

Mama, msikate tiketi bado. Mtoto kama huyu ndiye kazi hii ilibuniwa kwa ajili yake, yeye na waliovunjika vibaya na waliopooza mguu kwa polio, kwa hiyo nitasema kwa urefu.

Kwa mtoto hatuangalii mguu umepungua kiasi gani leo tu. Tunaangalia utakuwa umepungua kiasi gani siku atakapomaliza kukua. Mguu mfupi wa kuzaliwa kwa kawaida hukua kwa uwiano ule ule, kwa hiyo sentimita 3 za leo zitaongezeka. Daktari wa mifupa ya watoto hupiga eksirei ya miguu yote miwili akiwa amesimama, kutoka nyonga hadi kifundo, akairudia kadiri mtoto anavyokua, kisha akakadiria. Tofauti ikitarajiwa kuwa chini ya sentimita 2, mara nyingi hafanyiwi kitu, au huongezewa soli. Kati ya 2 na 5, pana upasuaji mdogo wa kusimamisha ukuaji wa mguu mrefu karibu na goti ili mfupi uufikie. Huo hufanywa kabla mtoto hajamaliza kukua na una wakati wake, ukipita, umepita. Ikizidi 5 ndipo kurefusha kunapozungumzwa kwa uzito.

Jambo jingine. Mtoto aliyezaliwa na paja fupi mara nyingi hana zile kano za ndani ya goti, na nyonga yake inaweza kuwa na kasoro. Ukimvuta mfupa bila kulijua hilo, goti au nyonga inateguka. Ndiyo maana nataka daktari wa watoto, si daktari yeyote wa mifupa.

Anzeni hapa nchini. Pale Kijabe ipo hospitali ya CURE, iliyofunguliwa 1998 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu unaotibika. Mchango wa jamaa uwekeni kwa nauli za kwenda na kurudi, maana mtakwenda mara nyingi. Na kesho mpelekeni kwa fundi viatu aongeze soli ya mguu wa kushoto kwa kipimo atakachotoa daktari au fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wa hospitali ya Malindi, mtoto aache kutembea kwa ncha za vidole.

*Kuna vidonge vya kuongeza urefu kwa mtu mzima? – Wengi*

Hakuna.

*Rafiki yangu Mtaliano hapa Malindi anasema niende kwao, atanilipia. Waitaliano wanaijua kazi hii? – Msomaji, Casuarina*

Wanaijua, na wana historia nayo. Njia hii ilianzishwa na Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan kule Siberia, miaka ya 1950, akiwatibu watu waliovunjika mifupa ikakataa kuunga. Magharibi hawakuwa na habari naye. Carlo Mauri, mpanda milima wa Lecco, alikuwa na mguu ulioharibika kwa miaka mingi. Aliwahi kuvuka bahari na msafiri Mnorwe Thor Heyerdahl kwa chombo cha mafunjo kilichoitwa Ra, na daktari Mrusi wa safari ile ndiye aliyemtajia Ilizarov. Mwaka 1980 Mauri akaenda Kurgan akapona. Madaktari wa Italia walipouona mguu wake wakamwalika Ilizarov, na 1981 akaja kuwafundisha.

Sasa swali langu kwako: rafiki atalipia nini? Chuma cha ndani huwekwa na baadaye hutolewa, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au miwili. Huo ni upasuaji wa pili na safari ya pili. Katikati pana miezi ya fizio kila siku. Nimeona urafiki wa ufukweni ukivunjika kabla mfupa haujaunga. Pesa yote, pamoja na ya kutoa chuma, iwe imewekwa kabla hujaguswa, na kwa maandishi.

*Chuma cha nje au cha ndani? – Msomaji, Lamu*

Cha nje ni nafuu na hunyoosha pia mfupa uliopinda, lakini kila mahali sindano zake za kukishikiza mfupani zinapoingia ngozini ni mlango wa vijidudu, na kwa joto na jasho la kwetu usaha ni jambo la kawaida. Cha ndani hukaa kwenye uboho, na vya sasa vingi huvutwa kwa sumaku kutoka nje ya mguu. Uliza jina la chuma na toleo lake. Mwaka 2021 aina iitwayo Stryde iliondolewa sokoni baada ya kuonekana dalili za kutu kwenye vyuma vilivyotolewa, na kabla ya hapo ndiyo iliyokuwa ikisifiwa kuliko zote.

*Kijana wangu anataka tuuze shamba la minazi akaongeze urefu. Ni mzima, hana kasoro. – Baba, Witu*

Usiuze, bwana. China ilipiga marufuku upasuaji huu kwa ajili ya urembo mwaka 2006, baada ya vijana wazima kulemazwa. Uboho ukitobolewa kwenye miguu yote miwili, mafuta yake yanaweza kuingia kwenye damu yakafika mapafuni, na mtu akafa. Kaa na kijana wako, umuulize nani alimcheka na lini. Mazungumzo hayo yanawahusu ninyi wawili, na yatangulie tiketi.

*Je, ni halali? – Wasomaji kadhaa*

Muulize sheikh wako, na umweleze ukweli wote: kama unatibu mguu mfupi au unaongeza urefu wa miguu mizima.

*Nitafanyiwa India, kisha nirudi Lamu mapema nipumzike nyumbani, kupunguza gharama. – Msomaji, Mkomani*

Hapa naomba unisikilize. Mwaka juzi nilikwenda uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha ng'ambo ya Lamu, kumpokea kijana aliyefanya hivyo hivyo. Alirudishwa wiki ya tano, bado anavutwa. Ndege ilishuka maji yamekupwa, ngazi za gati zimeota mwani, na nduguze wanne wakamteremsha botini juu ya kiti cha plastiki. Nilipomvua kiatu, kisigino cha kulia hakikushuka. Nilipitisha vidole vitatu kati yake na sakafu. Chumba chake kilikuwa ghorofani, na zile ngazi zetu za mawe alizipanda kwa makalio, akijisukuma kinyumenyume, mama yake nyuma ameshika mto. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa na goti halikunji. Hospitali ilikuwa imempa karatasi moja ya mazoezi, kwa lugha ambayo mle ndani hapana aliyeisoma.

Mfupa unakua. Misuli na kano hazikui kwa kasi ile, zinaburutwa, na kazi ya fizio ni kuzinyoosha kila siku wakati mfupa unavutwa. Akikosa wiki mbili, kisigino kinapanda. Tulipigana nacho miezi saba, mwishowe kano ikakatwa Mombasa ili irefushwe.

Kwa hiyo usirudi kabla ya kuvuta kwisha na daktari kuuona mfupa mpya kwenye eksirei. Angalia visa yako ni ya siku ngapi na ya anayekuuguza pia. Kabla hujaondoka, tafuta daktari wa mifupa wa Mombasa au Nairobi atakayekubali kwa maandishi kukupokea, maana wengi hawapendi kushika kazi ya mwenzao. Tafuta fizio. Hama chumba, ushuke chini. Sigara na shisha acha mwezi mmoja kabla na usirudie, zinachelewesha mfupa kuunga.

*Nimerudi wiki tatu, kisigino hakigusi chini, bibi ananikanda kwa mafuta ya simsim kila usiku. Hospitali haijibu tena. – Msomaji, Langoni*

Bibi aache leo, na umwambie kwa adabu kwamba ni mimi niliyesema. Mfupa ambao haujaunga ukikandwa unaweza kupinda. Shavu la mguu likiwa limevimba na lina joto, au unakosa pumzi, huenda damu imeganda: nenda hospitali ya King Fahd sasa hivi, usingoje asubuhi. Kama hayo hayapo, njoo Jumatatu na magongo yako, kadi ya chuma ulichowekewa na eksirei zote, hata zile zilizomo kwenye simu tu.