Waulize wanafunzi kazi mradi imewaachia maneno gani

Mwalimu mwenzangu, kama unatumia kazi mradi kukuza msamiati wa Kiingereza, usingoje mtihani ukuambie kama imefaa. Waulize wanafunzi wenyewe. Mimi nilichelewa kuwauliza, na majibu yao yakanifanya nipange upya karibu kila kitu.

Mradi wetu ulikuwa kuandaa mabango ya kuhimiza utunzaji wa maji. Vikundi vya watu watano, wiki tatu. Siku ya kuwasilisha darasa lilichangamka, nami nikaridhika kabisa. Kisha nikagawa vikaratasi visivyo na majina: umebaki na maneno gani, na nini kilikukera?

Wengi waliupenda. Neno kama "leak" liliwakaa, walisema, kwa kuwa walikuwa na bomba linalovuja la kuelezea. Hilo ndilo alilolitetea William Heard Kilpatrick, mwanaelimu wa Marekani, mwaka 1918: shughuli yenye lengo ambalo mwanafunzi amelikubali kwa moyo wote.

Ila kikaratasi kimoja kiliniuma. Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuchora aliandika maneno mawili tu, "glue" na "scissors". Wiki tatu nzima! Waliowasilisha walikuwa na maneno tele, maana wao ndio waliojiandaa kujibu maswali. Wengine walilalamika kwamba Kiingereza kilisikika siku ya mwisho tu, na kwamba sentensi zilizonakiliwa kutoka intaneti hazikueleweka hata kwa walionakili. Sikuona uvivu katika malalamiko hayo. Walikuwa wanadai kufundishwa.

Kwa hiyo anza na mgawanyo wa kazi. Siku hizi kila kikundi huchagua maneno 12 kinayoyahitaji kweli, na mwasilishaji hupatikana kwa kura siku ileile ya kuwasilisha. Kwa kuwa kura inaweza kumwangukia yeyote, hata mchoraji huyajua maneno. Sentensi iliyonakiliwa haipandi kwenye bango mpaka mwanakikundi mmoja aieleze kwa maneno yake.

Kuhusu lugha ya kikundini, sikubaliani na wanaokataza lugha ya nyumbani moja kwa moja. Wapange kwa lugha wanayoielewa, mazoezi ya kuwasilisha yawe kwa Kiingereza.

Halafu yarudie maneno. Tangu 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau sehemu kubwa mapema sana baada ya kujifunza. Wengi wetu huufunga mradi siku mabango yanapobandikwa ukutani. Mimi huyarudia maneno baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki mbili, kila mara katika sentensi mpya.

Mradi uliofuata ulipokwisha niligawa tena vikaratasi. Mchoraji mmoja aliandika maneno tisa. La mwisho lilikuwa "drought", na chini yake alikuwa amechora ardhi iliyopasuka.