Shilingi ya Serikali Inamfikia Nani, na Lini? Kwa Wanaoanza Kazi ya Mipango na Bajeti Zanzibar

Vijana mnaoingia mwaka huu katika idara za mipango, sera na utafiti, kuna swali litawafikia mapema kuliko mnavyodhani: uchumi ukidorora, Serikali ikiongeza matumizi, uchumi utainuka? Mtaulizwa kwenye kamati, mtaulizwa na Mwakilishi wa jimbo, na mtaulizwa barazani baada ya sala ya isha na wazee ambao hawajapata kuona kitabu cha bajeti lakini wanajua vizuri sana mwezi gani biashara imelala. Mimi nimefanya kazi hii Unguja na Pemba miaka mingi, na jibu langu ni kwamba inasaidia. Lakini kwa visiwa kama vyetu, ukubwa wa fungu si jambo la kwanza kuangalia. La kwanza ni fedha ile inamfikia nani, na inamfikia lini.

Nadharia mmeisoma, siirudii kwa urefu. Mchumi Keynes aliandika mwaka 1936, dunia ikiwa bado inatoka kwenye mdororo mkuu, kwamba watu wakiogopa kununua na wafanyabiashara wakiogopa kuwekeza, viwanda vinalala na wenye nguvu zao wanakaa bure. Hapo anayebaki wa kununua ni Serikali, hata ikibidi kukopa. Historia imempa haki kwa kiasi kikubwa. Marekani mwaka 1937 ilibana matumizi na kupandisha kodi kabla uchumi haujapona sawasawa, ukaanguka tena. Ugiriki baada ya 2010 ilibana mno mpaka pato la nchi likapungua kwa karibu robo, na mwaka 2013 wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa wenyewe, Olivier Blanchard na Daniel Leigh, walionyesha kuwa makadirio ya mwanzo yalidharau maumivu ya kubana matumizi wakati wa mdororo.

Ila msiyachukue hayo mkayapandikiza Mkoani kule Pemba au Mkokotoni hapa Unguja kama yalivyo. Marekani inajitengenezea yenyewe vitu vingi inavyovitumia. Sisi karibu kila kitu kinashuka bandarini. Mwaka huohuo wa 2013 Ilzetzki, Mendoza na Végh walichapisha utafiti wa nchi 44, na walichokikuta kinatuhusu moja kwa moja: nchi inayofanya biashara nyingi na nje hupata faida ndogo katika kila shilingi ya ziada inayotumiwa na Serikali, na nchi iliyolemewa na deni huweza isipate faida yoyote. Sababu haina uchawi. Fedha inayotumika inavuka bahari kabla haijazunguka.

Hili mtalielewa vizuri zaidi mkichukua faili la mradi mmoja kuliko mkisoma sura nzima ya kitabu. Chukueni skuli ya ghorofa inayojengwa Pemba. Saruji inatoka Tanga au Dar es Salaam. Nondo, bati, rangi, nyaya na vigae vinatoka bara au ng'ambo. Mkandarasi akiwa si wa kisiwani, faida yake na mishahara ya wahandisi wake inaondoka naye. Kinachobaki ni vibarua, mafundi wa hapo kijijini, matufali, kokoto, wenye gari za kubebea mchanga, na yule mama anayeleta uji na chapati asubuhi kabla kazi haijaanza. Na kibarua akishalipwa Alkhamisi, akaenda dukani akanunua mchele wa mapembe, unga wa ngano na sukari, sehemu kubwa ya ujira wake nayo imepanda meli. Akinunua samaki Tumbe, muhogo na mbogamboga, hiyo imebaki. Mvuvi naye atamlipa fundi wa boti, fundi wa boti atamlipia mwanawe ada ya madrasa.

Tufanye hesabu ya mfano, si takwimu ya mtu yeyote. Serikali imetumia shilingi 100 kwenye mradi ambao 20 tu ndizo zinazobaki kisiwani katika mkono wa kwanza, na kila anayepokea hutumia tena ndani ya kisiwa senti 40 katika kila shilingi. Mzunguko wote ukimalizika kipato cha kisiwa kimeongezeka kwa shilingi 33 hivi. Zitumie 100 zilezile mahali ambapo 70 zinabaki katika mkono wa kwanza, na ongezeko linafika karibu 117. Bajeti ni moja, tofauti ni mara tatu na nusu. Ndiyo maana nawaomba, kila mradi unaoletwa mezani kwa jina la kuinua uchumi, ukadirieni mkono wa kwanza. Waulizeni wahandisi, wanajua: wana mchanganuo wa gharama, na kila mstari wake unaweza kuwekewa alama ya hapa, bara au ng'ambo. Kazi hiyo inachukua mchana mmoja, na huwa inabadilisha mjadala wa kikao kizima. (Fedha inayokwenda bara haijapotea kwa Jamhuri ya Muungano, na sioni ubaya wake. Lakini ukiulizwa kuhusu ahueni ya Micheweni, wilaya ya Pemba, toa jibu la Micheweni.)

Kuna upande wa pili ambao vijana wengi husahau. Zanzibar haina sarafu yake wala benki kuu yake. Mdororo ukija, hatuna riba ya kushusha wala thamani ya shilingi ya kuachia ishuke. Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba inayowatoza mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5, hatua nzuri kwa nchi nzima, lakini hoteli ya Kiwengwa iliyofungwa milango haikopi kwa sababu riba imeshuka. Haina wageni. Tunachobaki nacho mikononi ni bajeti. Na hapa utafiti una habari njema: Nakamura na Steinsson mwaka 2014 waliangalia majimbo ya Marekani, ambayo nayo yanatumia sarafu moja, wakakuta jimbo linalopata matumizi zaidi ya serikali kuu kuliko mengine, kipato chake huongezeka kwa takriban dola moja na nusu kwa kila dola. Someni kwa makini lakini. Fedha ile ilitoka kwenye mfuko wa wote, jimbo lenyewe halikujitoza kodi kuilipa. Kwetu sisi, shilingi inayotoka nje ya visiwa na shilingi tuliyoikusanya kwa mfanyabiashara wa Darajani aliyekwishakuelemewa hazina nguvu sawa.

Sasa nije kwenye miaka mliyoishuhudia wenyewe. Mwaka 2019 waliingia watalii zaidi ya 538,000. Mwaka 2020 hawakufika 261,000. Ukuaji wa uchumi wetu ulishuka kutoka asilimia 7.0 mpaka 1.3. Kwa kitabu, mwaka mzima haukuwa hasi, na mtasikia watu wakisema basi hatukuwa na mdororo. Msikubali neno hilo kirahisi. Nungwi, Paje na Jambiani waliuona. Kijana aliyekuwa akipeleka wageni kwenye miamba alirudi kulala nyumbani, na mama aliyekuwa akiiuzia hoteli mayai na mbogamboga akawa hana pa kuuzia. Na Serikali nayo, ambayo kodi zake nyingi zinatoka kwenye hoteli, viwanja vya ndege na bandari, mfuko wake ulinywea wakati uleule uliotakiwa kufunguka. Hilo ndilo fumbo la uchumi wa visiwa vya utalii: dawa na maradhi vinatoka mlango mmoja.

Fedha kubwa ya ahueni ilikuja baadaye. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinishia Tanzania dola milioni 567.25 kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, na Zanzibar ikapata mgao wa takriban shilingi bilioni 230. Zikajengwa skuli, hospitali za wilaya na masoko, zikaenda kwenye maji, zikaenda kwa wajasiriamali, wavuvi na wakulima wa mwani. Mimi ni mmoja wa wanaozifurahia skuli zile, maana najua madarasa ya zamani yalivyokuwa yamesongamana. Lakini tazameni tarehe. Wageni walikuwa zaidi ya 394,000 mwaka 2021, na mwaka 2022 wakafika 548,000 na zaidi, wameshaipita 2019. Kazi nyingi za ujenzi ziliendelea mwaka huo wa 2022, wakati hoteli zimekwishafunguka, na wakati vita vya Ukraine vimepandisha bei ya ngano na mafuta. Kwa hiyo nikiulizwa kama majengo yale yaliutoa uchumi kwenye mtikisiko, jibu langu ni kwamba walioutoa hasa ni wageni waliorudi. Majengo yale ni maendeleo, tena maendeleo ya haki yake, na faida yake itaonekana kwa watoto. Kuyahesabu kama dawa ya mdororo kutatufanya tukose dawa yenyewe mara nyingine.

Kwa nini ujenzi huchelewa? Mwaka wa fedha unaanza Julai. Bajeti imepita Juni, fedha za robo ya kwanza zinatoka pole pole. Michoro haijakamilika, zabuni inatangazwa, inafunguliwa, inatathminiwa, kuna rufaa, mkataba unakwenda kwa mwanasheria. Mkandarasi anakabidhiwa eneo Januari au Februari akiwa hajaleta hata gari moja. Machi masika inaingia, udongo wa Pemba unakuwa utelezi, msingi unajaa maji. Kazi ya kweli inaanza Juni, mwaka wa fedha ukifungwa. Hakuna aliyefanya hila katika mlolongo huo. Kila hatua ina sababu yake, na hatua za manunuzi zinalinda fedha za umma. Ila mtu aliyepoteza kazi Aprili hawezi kuungojea mlolongo huo.

Kwa hiyo tafuteni njia ambazo mabomba yake yameshatandikwa. Mfano bora tulionao ni Pensheni Jamii, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefika miaka 70, awe alikuwa mtumishi au mvuvi. Kiwango kimepandishwa baadaye. Nimesimama kwenye vituo vya malipo Pemba nikitazama fedha zile zinavyoondoka. Bibi anapokea, anamkunjia noti mbili mjukuu aliyemsindikiza, anapita kwa muuza dagaa, analipa deni la duka la jirani. Kabla ya adhuhuri fedha imeshapita mikono mitatu ndani ya shehia moja. Haihitaji zabuni, mchoro wala mshauri elekezi. Kaya maskini zinazopata ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, nazo ziko kwenye orodha, zinajulikana shehia kwa shehia. Ukija mtikisiko mwingine, kuongeza malipo ya miezi michache kwa watu hawa ni kazi ya wiki, na ikishapita, nyongeza inasimamishwa bila kuacha jengo nusu.

Njia nyingine haina umaarufu kabisa, na mimi naipenda kuliko zote: kulipa madeni. Fundi aliyepaka rangi vituo vya afya, mwenye duka la vifaa aliyekopesha, mkandarasi mdogo mwenye cheti cha malipo kilichokaa mezani. Hao kazi wameshaifanya. Wakicheleweshewa wakati biashara imelala, wanapunguza watu, na Serikali inakuwa imeongeza mdororo kwa mkono wake yenyewe. Mkiona hati ya malipo imelala, msiione kama karatasi ya wahasibu. Iulizieni. Na karibu na hilo kuna matengenezo madogo: mitaro, paa za skuli, visima, barabara za ndani zinazozibwa viraka. Sehemu kubwa ya gharama yake ni mikono ya watu, na mafundi wapo kila wilaya.

Limebaki suala la fedha itoke wapi, na hapa lazima mzijue karafuu. Katika miaka ya 1970 bei ya dunia ilikuwa juu, mkulima akilipwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo na Serikali ikibaki na nyingine. Zikajengwa nyumba za Michenzani, skuli, hospitali, tukawa na televisheni ya rangi wakati bara hawana televisheni kabisa. Indonesia, mnunuzi wetu mkuu kwa ajili ya sigara zake za kretek, ikapanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, na miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Serikali iliyotumia sana wakati wa neema haikuwa na cha kutumia wakati wa shida, na Pemba ndiyo iliyoumia zaidi kwa sababu mikarafuu mingi iko huko. Kilicholeta nafuu hakikuwa bajeti. Ilikuwa kufunguliwa kwa biashara kuanzia 1984, madukani kukaonekana bidhaa tena. Wanaosema Serikali itumie wakati wa mdororo na wanaosema Serikali iweke akiba hawagombani. Wanazungumzia miaka miwili tofauti ya biashara ileile, na sisi tunaopanga tunawajibika kwa yote miwili.

Hivi sasa wageni ni wengi, kwa hiyo kazi yenu ya sasa ni ya maandalizi. Wekeni kwenye kila wilaya orodha ya matengenezo yaliyokwishapimwa na kukadiriwa bei, ili fedha ikipatikana isingoje mchoro. Hakikisheni orodha za wazee na za kaya zinasafishwa kila mwaka, waliofariki watolewe na waliofika umri waingizwe, maana orodha chafu ndiyo itakayochelewesha malipo siku yanapohitajika. Na kila robo mwaka, mnapopeleka taarifa ya utekelezaji, ongezeni safu moja ambayo fomu haiitaki: kiasi gani cha fedha iliyotoka kimelipwa kwa watu na biashara za Unguja na Pemba. Mwanzoni mtaambiwa haihusiki. Endeleeni kuijaza.