Maswali ya Wasomaji: Mbona Paneli Yangu Haioni Tovuti?

SWALI: Habari ya kazi mwalimu. Mimi natengeneza tovuti za maduka na sacco hapa Jinja, wateja wengi wanaingia na simu na bando ndogo. Sasa nataka kwenye zana za wasanidi, zile za F12, niwe na paneli yangu mwenyewe inayoniambia ukurasa umekula MB ngapi na picha gani ndo nzito. Nimeandika ekstensheni ya Chrome (programu ndogo ya kuongezea kwenye brauza), paneli inatokea vizuri, lakini nikiweka document.title, yaani nikiuliza jina la ukurasa, inanipa jina la paneli yenyewe badala ya tovuti, halafu orodha ya mafaili iko tupu. Nimekwama wapi? (Msanidi, Jinja)

JIBU: Ndugu yangu, hilo wazo lako nimelipenda sana, manake tangu Julai 2021 data tunayonunua hapa Uganda inakatwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo anayepunguza uzito wa ukurasa anamwokolea mteja hela za kweli.

Tuje kwenye shida. Ekstensheni ya aina hii iko na sehemu tatu, na ni kama vyumba vya kupanga kwenye ua mmoja, kila chumba na mlango wake. Cha kwanza ni ule ukurasa unaoutaja kwenye manifest.json (faili la maelezo ya ekstensheni) kwa jina devtools_page, huo hauonekani popote, Chrome inaufungua kila ukifungua zana na unakufa ukizifunga, na kazi yake kubwa ni kuita chrome.devtools.panels.create na kuipa jina la paneli, ikoni na faili la HTML. Cha pili ni hilo faili la HTML, ndo paneli yenyewe. Cha tatu ni tovuti unayoikagua. Kila kimoja kina document yake! Ukiandika document.title ndani ya paneli unajibiwa kuhusu paneli, hapo Chrome haijakosea kitu.

Mlango wa kuingia kwenye tovuti unaitwa chrome.devtools.inspectedWindow.eval. Unaupa msimbo wa JavaScript ukiwa maandishi tu ndani ya alama za nukuu, unaendeshwa kwenye fremu kuu ya tovuti, halafu jibu linarudi kwenye callback, yaani funksheni unayoiacha isubiri jibu. Callback inapokea vitu viwili, jibu na taarifa ya kosa, na watu wengi hawasomi hicho cha pili halafu wanakesha wakijiuliza mbona kimya, wewe kisome kila mara. Faida nyingine ya eval ni kwamba inaona mpaka vigeu ambavyo tovuti yenyewe imevitengeneza, content script ya kawaida (msimbo ambao ekstensheni inauingiza kwenye tovuti) haivioni, hiyo inaona DOM peke yake, yaani elementi za ukurasa.

Ila kuna sharti. Kinachorudi lazima kiwezekane kuandikwa kama JSON, yaani namba, maandishi, orodha, objekti za kawaida. Elementi ya picha yenyewe haiwezi kuvuka, kwa hiyo pitia picha zote hukohuko ndani ya tovuti na urudishe vitu vitatu tu kwa kila moja: currentSrc (anwani ya picha), naturalWidth (upana wake halisi) na clientWidth (upana inaoonyeshwa nao). Weka hizo namba mbili za mwisho pembeni kwa pembeni kwenye paneli yako utashangaa, unakuta picha ya kamera ya upana wa pikseli 4000 imebanwa kwenye nafasi ya pikseli 360, na mteja ameilipia yote. Hiyo ndo picha ya kuanza nayo. Na ukitaka kuangalia moja tu, ichague kwenye paneli ya Elements halafu ndani ya eval andika $0, hiyo $0 ndo elementi uliyoichagua.

Orodha kuwa tupu ni kwa sababu chrome.devtools.network, inayokupa habari za mafaili yanayopakuliwa, inaanza kusikiliza pale zana zinapofunguliwa, yaliyopita kabla ya hapo hayamo. Pakia ukurasa upya, na unaweza kufanya hivo kwa msimbo ukitumia inspectedWindow.reload na ignoreCache ikiwa true, ili upate uzito anaoubeba mteja anayekuja mara ya kwanza. Alafu nakuomba onRequestFinished, tukio linalokuambia kila faili likimaliza kupakuliwa, uiweke kwenye ukurasa wa devtools, usiiweke kwenye paneli, manake paneli haipakiwi mpaka mtu aibofye na wewe utakuwa umeshakosa mafaili ya mwanzo. Paneli ikibofywa, tukio la onShown linakupa window yake, unaikabidhi orodha uliyokusanya.

Kwenye hesabu angalia vizuri usome namba gani. response.content.size ni ukubwa wa faili likishafunguliwa kutoka kwenye gzip (namna ya kubana faili lisafiri dogo), bando inaliwa na _transferSize, hiyo ndo iliyopita kwenye mtandao kweli. Kistari cha chini (_) mwanzoni maana yake ni nyongeza ya Chrome nje ya utaratibu wa HAR (faili linalorekodi mawasiliano ya ukurasa na mtandao), usitegemee kuikuta kwenye brauza zote.

Mwisho, majina ya mafaili na maandishi yoyote yanayotoka kwenye tovuti yaonyeshe kwa textContent, usitumie innerHTML hata siku moja, manake hiyo inayasoma kama HTML, wewe hujui nani ameandika nini humo.

SWALI: Mwalimu, ekstensheni kama hiyo inaenda na kwenye Firefox? Na mbona nikibadilisha msimbo kwenye Chrome mabadiliko siyaoni? (Mwanafunzi, Mbarara)

JIBU: Inaenda mdogo wangu, sehemu kubwa. Huko unatumia browser.devtools, na eval inarudisha promise (ahadi ya jibu litakalokuja baadaye) yenye orodha, cha kwanza jibu, cha pili kosa. Kuijaribu unaipakia kwa muda kupitia about:debugging. Kuhusu Chrome, ukibadilisha msimbo ipakie upya kwenye chrome://extensions, halafu funga zana na uzifungue tena, hapo pa pili ndo watu wanapasahau. Paneli yenyewe nayo inakaguliwa, bofya kitufe cha kulia ndani yake uchague Inspect.

SWALI: Kwenye grupu la WhatsApp kuna mtu ametuma maneno marefu ya kikompyuta, anasema tufungue F12 tuyabandike kwenye Console tutaona nani anatazama profaili zetu. Ni kweli? (Mama mwenye duka, Arua)

JIBU: Dada yangu, usibandike. Msimbo ukiwekwa hapo unaendeshwa kwa jina lako, kwenye akaunti uliyoingia, unaweza kusoma unachokiona na kutuma ujumbe kana kwamba ni wewe. Chrome na Firefox zinaonya na kukutaka uandike kwanza maneno ya kukubali ndo zikuruhusu kubandika, ukiona hilo onyo funga. Kama kuna waliokwisha kubandika kwenye grupu, waambie watoke kwenye vifaa vyote na wabadilishe nywila leo hii. Na mtu akikuomba faili la HAR akidai anakurekebishia tovuti ya duka, usimpe hivihivi, humo ndani mnaweza kuwa na kuki zako za kuingilia (alama ambazo tovuti inakutambua nazo ukishaingia) na anaweza kuzitumia bila hata kujua nywila yako.