Vaiza ya nje kwenye Morris Minor: usikubali paa litobolewe

Ndugu nimesoma swali lako vizuri kuhusu vaiza ya nje, yaani kile kikinga jua kinachojitokeza juu ya kioo cha mbele kwa nje ya gari. Morris Minor 1000 ya 1960 aliyokuachia jajja (babu au bibi yako), wewe uko Tororo hapa Uganda, fundi amekwambia atoboe paa matundu manne apige skrubu na silikoni, unauliza pia ni bati au plastiki, na kama itakuokoa na jua la jioni ukiwa unakuja Jinja. Mimi niko hapa Jinja na Volkswagen Beetle 1300 ya 1967 yenye vaiza ya nje niliyoifunga mwenyewe, na tangu hapo nimesaidia wenzangu kadhaa kufunga zao, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayoyajua.

Kutoboa hapana. Hata kama fundi ni mjomba wako, hapana. Vaiza hizi tangu zamani hazikutengenezwa kwa paa la kutobolewa, zile za Fulton za Milwaukee kule Marekani ambazo wengi tunaziona kwenye picha za magari ya miaka ya 1940 na 1950 zilikuwa zinauzwa kama kitu cha kuongezea, mwenye gari anajifungia, zinashika kwenye mfereji wa maji, yaani ule ukingo wa bati unaopita juu ya milango kupeleka mvua pembeni. Klampu, yaani kibanio cha bolti, moja kushoto, moja kulia, alafu mguu wa katikati, basi. Minor yako inao huo mfereji na Beetle yangu inao. Kuna jamaa mmoja huku alikubali kutobolewa, silikoni ilishika mpaka masika ya kwanza, maanake vaiza inatikisika muda wote na silikoni haipendi kutikiswa, maji yakaingia polepole kwenye kitambaa cha dari na yeye hajui, siku anasikia harufu ya uvundo ndani ya gari bati la paa lilikuwa tayari linaliwa kutoka ndani. Kuchomelea paa la gari la zamani bila kulipinda ni kazi nyingine kabisa na bei yake utakaa chini kwanza.

Sasa kabla hujanunua chochote chukua bisibisi ndogo uchokonoe mfereji, hasa zile sentimita 30 za mbele karibu na kioo, pande zote mbili. Magari yetu haya yamepakwa rangi mara nyingi sana, chini ya rangi kuna filla (ule uji mgumu wa kujazia mabonde) na chini ya filla wakati mwingine hakuna bati. Bisibisi ikizama simama hapo hapo, peleka kwa mtu wa bodi kwanza, kwa sababu vaiza yote inaning'inia kwenye huo ukingo na ukingo uliooza utang'oka na vaiza itaruka kwenda kwa boda aliye nyuma yako.

Jambo la pili, ukiagiza nje uwe makini na tangazo linalosema "ya Morris Minor" tu. Minor za kwanza mpaka 1956 zilikuwa na kioo cha mbele cha vipande viwili na nguzo katikati, ilipokuja 1000 mwaka huo kioo kikawa kimoja kilichopinda. Vaiza ya ile ya vipande viwili mguu wake wa katikati unashika kwenye nguzo, na wewe nguzo huna. Beetle ni hivyo hivyo, modeli ya 1965 vioo viliongezwa ukubwa na cha mbele kikapinda kidogo, kwa hiyo vaiza ya kabla ya hapo ukiileta kwenye yangu haikai, inaacha mdomo upande mmoja. Alafu jua kwamba posta na ushuru zinaweza kuzidi bei ya chombo chenyewe, na zikitoka Marekani bolti zake ni za inchi. Wewe huna shida maana Minor yenyewe ni ya inchi, spana ya 7/16 naamini unayo, sisi wa Beetle ndio tunahangaika.

Kwa huo mguu wa katikati sasa, hapa ndipo watu wanaharibu. Kwa kuwa huna nguzo, mguu ukae kwenye ukingo wa mbele wa paa, juu ya raba ya kioo, uwe na kiatu kipana cha raba. Usiguse kioo hata kidogo. Vioo vingi vya miaka ile si vile vya tabaka mbili kama vya leo, kikipata nukta moja inayokandamizwa na gari likiruka kwenye shimo kinakuwa chengachenga chote kwa mpigo mmoja, alafu nenda katafute kioo cha Minor Kampala nzima uone. Mguu wenyewe haubebi uzito mkubwa, kazi yake ni kuizuia vaiza isicheze juu na chini katikati, kwa hiyo usiukaze kama nati za tairi.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja na mtu wa pili wa kukushikia. Paka nta kwenye mfereji na rangi ya karibu, kata vipande vya tyubu ya baiskeli uvike ndani ya klampu, tyubu ya gari ni nene sana inafanya klampu iteleze. Shikiza klampu zote mbili kwa mkono tu bila spana, weka vaiza, alafu fungua na ufunge milango yote pole pole. Fanya hivyo kabla ya kukaza. Mlango wa Minor unapita karibu sana na mfereji, klampu ikikaa vibaya kwa upana wa kidole tu, ncha ya juu ya mlango inaigonga na rangi inabanduka siku ya kwanza. Kama milango iko huru ndio unaanza kukaza, kushoto kidogo, kulia kidogo, katikati, unarudi tena kushoto, mpaka ukiisukuma vaiza kwa kiganja gari zima ndilo linatikisika na siyo vaiza peke yake. Nati ziwe za kujifunga, zile zenye plastiki ndani, za kawaida barabara zetu zitazilegeza kabla hujafika Iganga.

Acha upenyo kati ya ukingo wa nyuma wa vaiza na paa, vidole viwili hivi. Wengine wanaziba huo upenyo kwa raba ati maji yasipite, kosa kubwa, maanake upepo unapanda na kioo ukifika juu unakuta umefungiwa, na pa kwenda hauna ila kuinyanyua vaiza. Nguvu ya upepo ukiongeza spidi mara mbili inakuwa mara nne, hiyo ni fizikia ya kawaida, lakini kwetu kibaya zaidi ni lori la miwa likija mbele yako pale Kakira, kwenye mashamba ya miwa, linakupiga na ukuta wa hewa. Yangu nikipishana na lori naiona inatetemeka sekunde moja inatulia, hiyo ni sawa. Ikiendelea kutetemeka baada ya lori kupita, kuna nati imelegea, paki pembeni. Na ukisikia mluzi kuanzia spidi 70 hivi ujue upenyo ni mwembamba mno upande mmoja, legeza, panua, kaza tena.

Jua la jioni sasa, hapo nisikudanganye. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linashuka karibu wima, digrii 15 kila saa, na mwaka mzima linazama karibu saa moja. Vaiza inakata jua la juu. Kuanzia kama saa kumi na mbili hivi jua liko chini ya ukingo wake na wewe unaelekea magharibi, liko usoni kwako kabisa, hapo ni ile vaiza ndogo ya ndani, miwani, na kioo kilichooshwa, maana vumbi la kioo ndilo linalofanya usione kitu. Ila kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi utaipenda, usukani hauchomi, dashibodi haipasuki, na ule mwanga mweupe wa mawingu baada ya mvua ambao unakunja uso bila kujua unaisha. Ukitaka kitu cha jioni peke yake weka hela yako kwenye miwani.

Halafu kuna taa za barabarani. Ukisimama wa kwanza pale Wandegeya, Kampala, taa inafichwa na vaiza, unabaki unainama kama unatafuta shilingi iliyoanguka na kamunye, ile teksi ya abiria, nyuma anapiga honi. Wazee Marekani walikuwa wanaweka kipande cha plastiki chenye mistari juu ya dashibodi kinachovuta picha ya taa kuileta machoni, ukikipata kinunue. Mimi nasimama nyuma kidogo ya mstari na inatosha. Wakati wa kufunga kaa kwenye kiti ulivyozoea kukaa, siyo fundi akae yeye ni mrefu, na ukingo wa mbele uwe juu kiasi kwamba unaona paa la kibanda kilicho mita 20 mbele bila kuinamisha kichwa.

Bati au plastiki? Mimi ningeweka bati kwako. Mafundi wa bati wa Katwe, Kampala, wanaweza kukukunjia kwa bati la geji 20 ukiwapa kielelezo cha karatasi ngumu ulichokata kwenye gari lenyewe, usiwapelekee picha ya simu. Akriliki, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ya kijani inapendeza na taa unaziona kupitia humo, na wauza mabango wa Kampala wanayo, lakini matundu yake lazima yawe mapana kuliko bolti maana inatanuka kwa joto, ukiyabana inapasuka nyota kuanzia kwenye tundu, na siku kijana wa kuosha gari akiipangusa kwa petroli au thina inajaa nyufa nyembamba kama nywele hazitoki tena. Bati ukilikwaruza unapaka rangi yanaisha.

Juu paka rangi ya gari au krimu, ni ladha yako. Chini paka nyeusi isiyong'aa au kijani kilichofifia, usikubali fundi amalizie chini na rangi ile ile inayong'aa kwa sababu imebaki kwenye kopo, boneti ya Minor ni ya mviringo inarusha jua juu, linagonga chini ya vaiza na kurudi machoni kwako. Nitumie vipimo vya kioo chako kutoka mfereji hadi mfereji, kielelezo cha Minor ya rafiki yangu bado kiko nyuma ya kabati, kikilingana nakuwekea kwenye teksi ya Tororo.