Nianze na mashine ipi ya CNC nyumbani?

Swali: Ninaishi Morogoro. Nataka mashine ya CNC (ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta) ya bei nafuu ya kuweka juu ya meza chumbani kwangu, nichonge vibao vya majina vya mninga, bodi za saketi na baadaye vipande vya alumini. Je, mashine za aina ya 3018 zinatosha, au nitafute yenye mota kubwa zaidi?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya nguvu za mota tazama uimara wa fremu, kwa kuwa biti (kisu kidogo kinachozunguka na kukata) inapokutana na kitu kigumu, sehemu yoyote inayopinda, hata kidogo sana, huifanya itetemeke, iache mikwaruzo na pengine ivunjike. Mota kubwa haiondoi udhaifu huo.

Jina 3018 limetokana na eneo la kazi la sentimita 30 kwa 18. Kwa bodi za saketi inatosha kabisa, maana tabaka la shaba kwa kawaida lina unene wa milimita 0.035 tu. Mninga nao utachongeka, mradi upunguze kina kila mara biti inapopita na uwe na subira. Ugumu uko kwenye alumini: inawezekana kwa biti yenye makali mamoja na kina cha milimita 0.1 hivi kila mara inapopita, lakini si kazi ya kuitegemea. Ikiwa alumini ndiyo shabaha yako hasa, ningekushauri uendelee kuweka akiba hadi upate mashine ambayo fremu yake yote ni ya chuma au alumini, bila viungo vya plastiki, na ambayo husogea juu ya reli zenye golori badala ya fito za mviringo.

Yoyote utakayochagua, hakikisha ina kitufe cha dharura na swichi za kikomo (zinazoijulisha mashine kuwa imefika mwisho wa njia yake). Nasisitiza swichi hizo kwa sababu ya umeme wetu: ukikatika katikati ya kazi, mashine husahau ilipokuwa, na bila swichi utalazimika kuipanga upya kwa kukadiria kwa macho. Bodi ya kudhibiti inayotumia GRBL (programu inayogeuza amri za kompyuta kuwa mwendo wa mota) inafaa sana, kwani programu za kuiendesha zinapatikana bure.

Kuhusu chumba, tafadhali usiiweke unapolala. Vumbi la bodi za saketi lina chembe za nyuzi za kioo, nalo halifai kuvutwa puani. Tafuta stoo au veranda iliyoezekwa, vaa barakoa na miwani, na ufyonze vumbi wakati biti ikiendelea kukata.