Chama cha usawa chuoni: anzeni na alama zinazopotea

Dada wa Arua, nimesoma swali lako. Mnataka kuanzisha chama cha kutetea usawa wa kijinsia chuoni, wavulana wanawacheka eti mmeingia kwa alama za bure, na wenzako wanataka muanze na maandamano na fulana. Nilikuwa katibu wa chama kama hicho kwenye chuo kimoja hapa Kampala, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

La alama lisikunyime usingizi. Zile pointi 1.5 za kuingilia, anazoongezewa msichana anayeomba chuo kikuu cha serikali hapa Uganda, zilianza 1990. Makerere ilifunguliwa 1922, na wasichana wa kwanza, sita tu, wakaingia 1945. Miaka 23 wavulana walishindana wao kwa wao, na sijasikia mtu akisema hao walipewa cha bure. Tena nyongeza yenyewe inaishia getini. Ukishaingia, mtihani ni uleule kwa wote. Mjibu hivyo anayekucheka, halafu rudi kazini.

Kazi yenyewe, kwa maoni yangu, ni alama zinazopotea. Waliosoma vyuo vya Uganda wananielewa. Matokeo yamebandikwa ubaoni, unafuata namba yako ya usajili kwa kidole, ukifika kwenye somo fulani unakuta kistari. Mtihani ulifanya, fomu ya mahudhurio ulisaini, alama hakuna. Mvulana atapanda na kushuka ngazi hadi achoke. Msichana ataambiwa "njoo jioni tuitafute", saa ambayo jengo zima wameshaondoka. Hapo ndipo wengi wetu tulipokwama, na fulana haisaidii kitu.

Sisi tulifungua daftari. Kila mwenye kistari aliandika somo, tarehe ya mtihani na namba ya usajili, awe wa kike au wa kiume (wavulana walijaa kuliko tulivyotarajia, na kejeli zikapungua zenyewe). Orodha nzima ikaenda kwa mkuu wa idara kwa barua moja, nakala kwa msajili wa masomo, na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Msiondoke pale bila muhuri, hata karani akiwaambia mrudi kesho. Mhadhiri mmoja alikuja juu, akasema hatuna adabu. Alama za somo lake zilitoka zote kabla ya muhula mpya, na hakuna msichana aliyegonga mlango wake peke yake.

Kesi za kutongozwa kwa ajili ya alama zisiandikwe humo, kwa sababu daftari linapita mikononi mwa wengi. Makerere ina sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono tangu 2006. Ulizeni kama chuo chenu kina ya kwake, mkaisome wenyewe. Tafuteni kifungu kinachosema nani anapokea malalamiko. Kama ni mkuu wa idara peke yake, hilo ndilo dai lenu la kwanza kwa uongozi: mlango wa pili wa kupeleka shauri, nje ya idara.

Maandamano yatakula mwezi wenu mzima, mimi nisingeanza nayo. Fulana chapisheni mkipata hela. Na mtunza daftari awe wa mwaka wa pili, maana wa mwaka wa mwisho atahitimu nalo likiwa ndani ya sanduku lake.